Baba Mkwe Kwenye Ukuta wa Jikoni

Kisa alikuwa amemshika mbasa mkiani, kisu kimezama tumboni mwa samaki, alipoinua kichwa akamwona baba mkwe wake akimtazama kutoka ukutani.

Haikuwa picha. Angeitoa wapi picha ya kutundika, wakati tangu aolewe hajawahi kuuona uso wa mzee yule hata mara moja? Alikuwa Mzee Ambilikile mwenyewe, ndevu nyeupe, kikombe cha chai mkononi, ndani ya marumaru nyeusi ambayo Kisa aliibandika kwa mikono yake. Macho yakakutana. Kikombe cha mzee kikakwama katikati ya safari ya kwenda mdomoni.

Kisa akashuka chini kama gunia la mpunga lililokatwa kamba. Akajikuta ameketi sakafuni, mgongo kwenye kabati, mbasa bado mkononi, damu ya samaki ikimtiririka hadi kiwikoni. Sebuleni kimya. Hata kijiko hakikugonga kikombe.

Jeni aliingia kwa mlango wa nyuma na ndoo ya maji. Jeni ni dada yake Eliya, mume wa Kisa. Alikuwa amefunga kibanda chake cha vitenge kule Kasumulu ili aje kuwa mdomo kati ya baba yake na wifi yake.

"Wifi, mbona umekaa chini na samaki kama mnapeana siri?"

"Shii," Kisa alinong'ona. "Baba yako yuko ukutani."

Jeni aliweka ndoo chini, akainama pale Kisa alipoonyesha kwa kisu. Akajiona mwenyewe. Akasogea kidogo, akamwona baba yake. Akarudisha macho kwa Kisa, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane alikosa mzaha wa kusema.

"Yesu wangu," alisema polepole. "Umejenga kioo."

Asiyewajua Wanyakyusa atauliza kioo kina kosa gani. Kosa ni kwamba kwa wazee wa zamani mkamwana na baba mkwe hawaonani. Hawapishani njiani, hawaketi chumba kimoja, hawatajani majina. Siku hizi wengi wameyaacha mambo hayo, na utamkuta mkamwana anamwendesha baba mkwe wake kwa pikipiki hadi sokoni na hakuna anayegeuka kutazama. Lakini Mzee Ambilikile, ingawa alikuwa mzee wa kanisa, hakuyaacha. Alipokwenda kwa mwanawe alikohoa akiwa bado barabarani, akakohoa tena mlangoni, na Kisa akatoka kwa nyuma kama upepo. Akirudi alikuta mkungu wa ndizi umeachwa juu ya kizingiti.

Mwanzoni Kisa alikuwa na maneno mengi. Alikuwa na stashahada ya ujenzi, alikuwa na mdomo, na hakuona kwa nini mtu aliyesoma hesabu za mihimili ajifiche nyuma ya migomba. Kisha ikaja mwaka aliotaka kufungua karakana yake Bondeni, ya kukata na kufunga kaunta za marumaru ya akriliki. Wajomba wa Eliya wakakaa kikao: mwanamke na mawe wapi na wapi. Kikao kilikatwa na ujumbe mmoja kutoka kwa mzee, ulioletwa na Jeni: "Mwambieni mkwe wangu akate jiwe analolitaka." Tangu siku hiyo Kisa alijificha kwa hiari, na kwa bidii. Mtu asiyemwona alikuwa amemwona kuliko wote.

Masika ya mwaka huu mto ulipasua kingo zake, maji yakaingia nyumbani kwa mzee huko Ngonga, yakala ukuta wa chumba chake cha kulala. Nyumba ya jirani ilizolewa nzima pamoja na mbuzi. Eliya alimfuata baba yake, akarudi mikono mitupu.

"Anasema nyumba yangu haina jiko la nje," alieleza. "Anasema, mkwe wangu atajificha wapi, chini ya meza?"

Ni kweli. Nyumba yao, kando ya barabara ya kwenda Itungi, ilikuwa ya kisasa: sebule na jiko vimeungana, kama wanavyopenda watu wa siku hizi.

"Mwambie aje," Kisa alisema. "Nitajenga kitu, hata kisigino changu hatakiona."

Na alijenga. Akriliki si jiwe, ingawa watu huita hivyo. Ni unga wa madini uliochanganywa na gundi ya akriliki, ukamwagwa kiwandani ukawa mabamba. Unaikata kwa msumeno kama ubao. Ukiunganisha bamba na bamba kwa gundi ya rangi ileile, ukapitisha msasa, kiungo kinapotea. Hata aliyekiunga hawezi kukuonyesha kilipo. Haina vinyweleo, kwa hiyo mawese hayaingii wala harufu ya samaki haikai. Adui yake ni chungu cha moto. Wateja wa Kyela wanaotoa chungu cha udongo cha Wakisi motoni na kukiweka moja kwa moja juu ya kaunta, Kisa aliwakaripia kama watoto.

Kati ya sebule na jiko alisimamisha kizuizi kirefu kuliko yeye, chenye nafasi ya kupita pembeni tu. Na kwenye ukuta wa pembeni, ule unaopita sebuleni na kuingia jikoni, alibandika mabamba meusi yenye mishipa myeupe, akayaunga yakawa kitu kimoja, akayang'arisha kwa siku nyingi mpaka yakawa kama maji ya kisimani. Wateja huwa anawaambia wachukue yasiyong'aa, kwa sababu jeusi linalong'aa huonyesha kila mkwaruzo. Lakini jiko lake ndilo lililokuwa duka la maonyesho, na mganga hajigangi.

Kizuizi kilificha kisigino chake, kweli. Ukuta ulimtoa mzima mzima.

Kisa alitambaa hadi stoo, akampigia Eliya, ambaye hufanya kazi ya kutoa mizigo forodhani.

"Amekuona, au umemwona?" Eliya aliuliza. Nyuma yake malori yalikuwa yanapiga honi.

"Eliya, kioo hakina upande mmoja. Hilo tulisoma sekondari."

"Basi tundika pazia."

"Pazia limeota lini? Nikitundika pazia leo nimekiri. Atajua kwamba najua kwamba ameniona."

"Kwani hajui?"

"Sijui kama anajua. Labda alikuwa anatazama marumaru tu. Ni nzuri."

Eliya akamwita kwa jina la mtoto wao. "Mama Lugano," alisema, "baba akijua, ataondoka. Sio kwa hasira. Ataondoka kwa ajili yako."

Hilo Kisa alilijua bila kuambiwa. Mzee hangegomba. Angefunga virago vyake kwa adabu, aende kulala chini ya ukuta uliobaki nusu, na mvua zilikuwa hazijakwisha.

Asubuhi iliyofuata kiti cha mzee kilikuwa kimegeuzwa. Kilitazama dirishani, kwenye mikokoa ya nyuma ya nyumba, na kisogo kilikuwa upande wa jiko. Mzee alikunywa uji hivyo. Alikula ugali hivyo. Kisa alipochungulia ukutani kwa jicho moja aliona upara tu.

"Wifi, nakuletea taarifa," Jeni alisema mchana, akiweka vyombo kwenye sinki. Alisema kwa sauti ya chini, na Kisa alijua si njema kwa sababu Jeni huwa hana sauti ya chini. "Ameniuliza kama njia ya Ngonga imekauka."

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia kambale wanaogelea barabarani. Akasema kambale na yeye wanafahamiana tangu zamani."

"Kingine?"

"Kasema nyumba ni nzuri, chakula ni kizuri, na mgeni mwema huondoka kabla hajachokwa."

"Alisema hivyo akicheka?"

"Alisema hivyo akifunga begi."

Kisa alifuta mikono kwa khanga, taratibu, kidole kimoja kimoja. Yeye si mwanamke wa kulia. Akili yake ilikuwa inapima. Tatizo ni mng'ao. Mng'ao unaondolewa kwa msasa. Marumaru inabaki palepale, inakuwa tu na rangi ya mkaa badala ya rangi ya kisima. Ikifanyika leo, mzee akirudi atakuta ukuta umefifia. Akiona ukuta hauonyeshi kitu, atasema labda haukuwahi kuonyesha; labda yalikuwa macho yake ya uzee. Atafungua begi.

"Mpeleke Itungi," alisema.

"Kufanya nini?"

"Alipakia mizigo bandarini ujanani. Mwambie unataka akuonyeshe meli zilikuwa zinafunga wapi. Mzee gani anakataa kuulizwa hivyo?"

"Na wewe?"

"Mimi nina kazi na ukuta."

Jeni alimtazama, akatikisa kichwa. "Wenzako wanajificha nyuma ya ukuta. Wewe unauficha ukuta wenyewe."

Bajaji ilipoondoka Kisa alifunga mlango wa mbele, akaleta mashine ya msasa kutoka kwenye gari. Soketi ya jikoni ilikuwa ya friji, kwa hiyo alivuta waya mrefu kutoka soketi ya sebuleni, ile iliyo pembeni ya kiti cha mzee. Begi lilikuwa mlangoni mwa chumba chake. Begi la kitambaa, limefungwa kwa kamba ya katani, limekaa kama mtu anayesubiri kuitwa. Kisa alilipita bila kulitazama.

Alivaa vizibo vya masikio, akaanza upande wa jikoni kuelekea kwenye nafasi ya kupita. Mashine ilinguruma, na papo hapo akaona kosa la kwanza. Vumbi. Unga mweusi laini ulipanda, ukatua kwenye vyombo, kwenye pazia la dirisha, kwenye ulimi wake. Baada ya kipande kidogo tu jiko lilikuwa kama tanuri la mkaa. Mzee angeingia na kuuliza nani kachoma nini.

Kule karakana Kisa ana sheria moja ambayo mafundi wake huikariri kama sala: mashine ya umeme na maji havilali kitanda kimoja. Ukitaka kusugua kwa maji, sugua kwa mkono. Lakini kwa mkono ingekuwa kazi ya siku nzima, na Itungi si mbali kiasi hicho. Kisa alichovya tambara kwenye ndoo, akalowesha ukuta, akaendelea na mashine. Vumbi likatulia, likawa uji mweusi ukichuruzika chini. Kazi ikaenda vizuri. Nusu ya ukuta ikafifia, ikawa kipofu kabisa. Akafurahi. Nje wingu lilikuwa limefunga, ngurumo zinaviringika juu ya ziwa, yeye na vizibo vyake hakusikia hata moja.

Karatasi ya msasa ikajaa uji. Akaenda kwenye sinki kuisuuza, mashine mkononi ikiwa bado inazunguka, kwa sababu alikuwa na haraka na mwenye haraka hana mikono ya kutosha. Uji mweusi ulikuwa umeingia kwenye mpini. Alishika bomba kwa mkono wa kushoto.

Mkono haukuwa wake tena. Vidole vilikaza kwenye chuma na kukataa kuachia, na kitu kikapita kifuani mwake kutoka mkono hadi mkono, kama mtu anayetikisa mti wa fenesi ili kila kitu kidondoke. Alitaka kupiga kelele, taya zikawa zimefungwa. Alijiona mwenyewe akitetemeka, akashangaa jinsi mawazo yalivyo na nafasi hata hapo: kile kikata umeme, kile ambacho Eliya alisema kitafungwa wiki ijayo, kila wiki ijayo. Lugano atatoka shule asikute chakula. Kisha mwanga wa dirishani ukawa mdogo, mdogo, kama tundu la sindano.

Kisha umeme ukaachia.

Alipoona tena, aliona ndevu.

Zilikuwa nyeupe, na juu yake kulikuwa na pua, na juu ya pua macho mawili mekundu ya uzee yaliyomtazama bila kupepesa. Kisa alikuwa chali kwenye sakafu yenye maji. Mkono mgumu ulikuwa umeshika kifundo cha mkono wake. Alijua ni mkono wa nani, na mwili wake ukafanya kile ulichozoea kufanya miaka yote: ukajaribu kukimbia. Haukuweza. Akajaribu kuvuta khanga afunike uso. Mkono haukunyanyuka. Akafumba macho.

"Usifumbe," mzee alisema.

Sauti hiyo aliifahamu kama kikohozi tu. Kumbe ilikuwa nzito, na tulivu.

"Nimesema usifumbe. Ukifumba nitadhani umekufa, na mimi nimezika vya kutosha."

Akafumbua. Akamwona. Alikuwa na masikio makubwa yaliyochomoza pembeni, masikio ambayo watoto shuleni humtania nayo Lugano. Kumbe yalitokea hapa. Kisa alishindwa kuacha kuyatazama.

"Taja jina lako," mzee alisema.

"Kisa."

"Mtoto wako?"

"Lugano."

"Mume wako namjua. Taja langu."

Umeme ulikuwa umempita kifuani na bado neno hilo lilikuwa gumu kuliko umeme. Tangu aingie ukoo ule hakuwahi kulitamka, si mbele ya mtu, si peke yake bafuni. Hata fomu za shule za Lugano, palipoandikwa jina la babu, alimpa Eliya ajaze.

"Baba, siwezi."

"Huwezi kwa sababu umelisahau, au kwa sababu unalijua?"

"Kwa sababu nalijua."

"Basi liseme. Nataka kusikia kama kichwa kimerudi."

"Ambilikile," Kisa alisema, na machozi yakatoka bila kumwomba ruhusa, yakaingia masikioni.

"Ndaga," mzee alishukuru kwa Kinyakyusa, kama mtu aliyesalimiwa njiani. "Kimerudi."

Jeni aliingia kwa mlango wa nyuma amelowa, akiburura turubai lenye mpunga waliokuwa wameuanika uani. Alikuwa ameuokoa kwenye mvua peke yake, na tayari alikuwa anafungua mdomo kulalamika. Akamwona baba yake amepiga magoti. Akaona kichwa cha wifi yake kiko juu ya paja la baba yake. Akaona mkono umeshika mkono. Turubai likamponyoka, mpunga ukamwagika jikoni kote.

"Baba," alisema.

"Leta blanketi," mzee alisema. "Utashangaa baadaye."

Zahanati walimpima mapigo, wakafunga kiganja kilichoungua, wakamwambia alale. Muuguzi alimuuliza nani alimtoa kwenye umeme. Kisa hakujua alitaje jibu hilo. Jeni ndiye aliyejibu, na kwa mara nyingine hakuongeza mzaha.

Mambo yalivyokwenda alikuja kuyajua njiani wakirudi. Bajaji ilifika Itungi, ngurumo zikaanza, Jeni akakumbuka mpunga uani. Wakageuza. Jeni akakimbilia nyuma ya nyumba. Mzee akafungua kwa ufunguo wa Jeni, akakohoa mlangoni, akakohoa tena, akaketi kwenye kiti chake, kisogo jikoni. Masikio ya Kisa yalikuwa na vizibo. Mzee akasikia mashine, kisha akasikia mashine ikibadili sauti. Akageuka. Nusu ya ukuta ilikuwa kipofu, ila nusu iliyobaki, ile ambayo Kisa hakuwahi kuifikia, ilimwonyesha mkwe wake akitikisika kwenye sinki. Waya ulikuwa miguuni pa mzee. Akaunasa kwa ndoana ya bakora, akaung'oa kwenye soketi.

Kama kazi ingekuwa imekwisha, mzee angeona giza tu. Kisa alilitafakari hilo akiwa amelala chumbani jioni ile.

Eliya alikuwa amefika. Alikuwa anazunguka sebuleni, anainua kitu, anakiweka. Mvua ilikuwa imekatika. Kisa alisikia hatua za mzee zikija kwenye korido, zikasimama nje ya mlango wa chumba. Kikafuata kikohozi.

Kisa alikaa wima. Alijua kinachokuja. Mzee ameona uso wake, amesikia jina lake mwenyewe mdomoni mwa Kisa, amekishika kichwa chake. Hakuna pazia la kufunika hilo. Amekuja kuaga, na usiku huu atalala Ngonga.

"Mkwe," mzee alisema nyuma ya mlango. Hakumtuma Jeni. "Siku ya kwanza nilipoketi nilimwona mwanamke ukutani anachambua mchele. Nikajua umekosea. Ningesema, ungeaibika. Ningenyamaza na kutazama, mimi ndiye ningekuwa mtu mbaya. Nikawa natazama kikombe. Siku ile ya samaki niliteleza nikainua macho."

Tangu siku ya kwanza. Wakati anaimba jikoni. Wakati anajikuna. Wakati anamwiga mchungaji kumchekesha Jeni.

"Ndipo nikageuza kiti," mzee aliendelea. "Na begi nikalifunga ili usihangaike. Mtu anajificha ndani ya nyumba yake mpaka anakaa chini na samaki. Haifai."

"Kwa nini hukumwambia Jeni aniambie?" Sauti ilimtoka kali kuliko alivyokusudia, lakini ndiyo sauti aliyonayo.

"Jeni angecheka, akasikika Malawi."

"Nasikia hayo," Jeni alisema kutoka sebuleni.

Kisa aliinuka. Akafika mlangoni, akashika kitasa kwa mkono mzima, akasimama. Kisha akafungua. Mzee alikuwa pale na bakora yake, na begi lilikuwa mkononi mwake.

"Unaondoka, baba?"

Mzee alilitazama begi kana kwamba limemrukia mkononi lenyewe. "Nililifuata ili nitoe shati kavu. Hili nililovaa limelowa maji yako." Akamtazama usoni, sawasawa, bila haraka. "Nimeshakuona. Umeshanitaja. Sasa nikikimbilia Ngonga nitakuwa namkimbia nani?"

"Na ukoo?" Eliya aliuliza. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti, amekishika kama atakayeanguka. "Baba, wajomba watasema."

"Waseme. Aliyevunja ni mimi, nami nitalipa. Nitapeleka mtamba kwa baba yake huyu, nimwambie nilimgusa mwanawe ili asife. Atakayesema ningemwacha, aje anieleze mimi. Mila ina mlango wa kutokea, Eliya. Nyinyi mnakimbilia kuvunja ukuta kabla hamjautafuta."

Jeni alikohoa. "Yaani wifi yangu analipiwa mahari mara mbili," alisema. "Wengine hata hiyo moja tunaisubiri."

Eliya akaanza kucheka, akashindwa kumaliza, akaketi. Kisa hakucheka. Alikuwa bado anatazama masikio.

Ukuta haukumaliziwa. Eliya alifunga kikata umeme keshoye, bila kusema wiki ijayo, na mashine ikarudi karakana. Nusu ya marumaru imefifia kama mkaa, nusu inang'aa kama kisima, na katikati pana mpaka uliokwenda upogo mahali mkono ulipoachia. Kisa ameshauriwa mara nyingi airekebishe. Ingemchukua asubuhi moja.

Mama mmoja kutoka mjini, Marta, alikuja kuangalia mabamba kwa ajili ya jiko lake jipya. Alisimama mbele ya ukuta ule, akapitisha kiganja upande huu, akapitisha upande ule.

"Mimi nataka huu unaong'aa," alisema. "Wote. Jiko na sebule yangu vimeungana."

"Baba mkwe wako yu hai?" Kisa aliuliza.

Marta alishtuka. "Yu hai. Kwa nini?"

"Anakaa wapi?"

"Tunamleta kwetu mwezi ujao. Ni wa zamani sana, mama Lugano, ananisumbua akili. Sijawahi kumwona."

"Basi chukua usiong'aa," Kisa alisema, akageuka kutafuta tepu ya kupimia.

Sebuleni kiti kililia. Kilikuwa kimegeuzwa tena, kinatazama ukuta, na mzee alikuwa amekikalia na kikombe chake cha chai. Alikohoa, kwa mazoea tu.

"Mpe unaong'aa," alisema.